Mzigo na Furushi

SABATO MCHANA

Fungu la kukariri: Wagalatia 6:2, likisomwa pamoja na fungu la 5.

Katika barua yake kwa Wagalatia, Paulo anasema mambo mawili yanayoonekana kupingana. Kwanza anawaagiza ndugu wachukuliane mizigo. Mafungu matatu baadaye anasema kila mtu atachukua cha kwake. Biblia ya Kiswahili ya Union Version inatumia maneno mawili tofauti hapo, kama Paulo mwenyewe alivyofanya katika Kigiriki: mizigo, kisha furushi.

Tofauti hiyo haihitaji kamusi. Abiria anayepanda basi Babati hupakata furushi lake mwenyewe, wala hamwiti mtu amsaidie. Lakini gunia la mahindi halinyanyuliwi na mtu mmoja. Anayelazimishwa kulinyanyua peke yake ataumia mgongo, na hakuna atakayesema kwamba aliumia kwa kukosa imani.

Somo la juma hili linauliza swali moja. Mzazi anapochoka akilini kwa sababu kazi na malezi vimemzidi, je, huo ni udhaifu wake mwenyewe, au kuna mwingine anayedaiwa? Kwa maneno ya Paulo: katika yale anayobeba mzazi mfanyakazi, lipi ni furushi na upi ni mzigo?

Swali hili si la mahali pamoja. Tarehe 10 Oktoba 2024, Siku ya Afya ya Akili Duniani iliadhimishwa kwa kutazama afya ya akili mahali pa kazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba siku za kazi bilioni 12 hupotea kila mwaka kwa sababu ya sonona na wasiwasi uliopita kiasi. Mwaka huohuo wa 2024, daktari mkuu wa serikali ya Marekani alitoa tahadhari kuhusu wazazi: asilimia 48 yao walisema kwamba siku nyingi msongo wao huwalemea kabisa, wakati kwa watu wazima wengine ni asilimia 26. Ikiwa ni hivyo katika nchi tajiri, darasa la Shule ya Sabato halina sababu ya kudhani kwamba benchi lake halina mtu wa namna hiyo.


JUMAPILI
Mzazi Asiyeonekana

Soma 1 Samweli 1:9–18. Eli alikosea wapi alipomtazama Hana?

Singe ni kata katika Halmashauri ya Mji wa Babati. Tangu Mkoa wa Manyara ulipotengwa na Arusha mwaka 2002 na Babati kuwa makao makuu yake, mji umepokea watumishi kutoka kila upande wa nchi. Wamekuja walimu, wauguzi, makarani na askari, wakaungana na Wagorowa, Wairaqw, Warangi na wengine waliokuwapo. Ofisi zilihamia, na watumishi wakahamia pamoja nazo. Bibi hakuhama. Bibi wa mtoto yuko Same, yuko Musoma, yuko Mbeya. Mama anayetoka likizo ya uzazi anarudi kazini bila mama yake mzazi wa kumwachia mtoto, na bila shangazi wa kumwambia kwamba homa hii ni ya kawaida au si ya kawaida.

Fikiria muuguzi wa namna hiyo. Ametoka zamu ya usiku, anapanda bodaboda kurudi Singe, anamkuta mtoto amekesha akilia. Analala saa mbili, anafua, anapika, na jioni zamu inamwita tena. Fikiria pia baba mwenye pikipiki ya mkataba: asipopeleka hesabu ya siku kwa tajiri, pikipiki inachukuliwa, hata kama mtoto yuko wodini. Fikiria mama lishe aliyemfunga mtoto mgongoni mbele ya moshi, au kibarua anayepalilia mbaazi za watu huku mwanawe amelala chini ya mti.

Watu kama hawa hawasemi kwamba wana sonona. Husema, “Nina mawazo.” Au hawasemi kabisa. Kinachoonekana kazini ni makosa madogo: hesabu haifungi, mgonjwa anajibiwa kwa ukali, mwalimu anasahau kipindi. Mkubwa wa kazi anaona uzembe.

Eli naye aliona midomo ya mwanamke ikitikisika bila sauti, akahitimisha kwamba amelewa. Alikuwa kuhani, amezoea kuona watu, na bado alisoma huzuni kama utovu wa nidhamu. Sifa yake ni kwamba alipoelezwa, alikubali kubadili hukumu, akambariki. Hana aliondoka, akala, na uso wake haukuwa wa huzuni tena. Hapo alikuwa bado hajapata mtoto. Alikuwa amepata tu mtu wa kumsikiliza mpaka mwisho.


JUMATATU
Musa Alipotaka Kufa

Soma Hesabu 11:10–17. Musa anajifananisha na nani, na Mungu anamjibu kwa kumfanyia nini?

Musa alikuwa kazini. Watu walikuwa wakilia kila mtu mlangoni pa hema yake, wakitaka nyama. Maneno aliyomwambia Bwana ni ya mlezi aliyechoka: aliuliza kama ni yeye aliyechukua mimba ya watu hawa, hata aambiwe awabebe kifuani kama mlezi ambebavyo mtoto anyonyaye. Kisha akaomba auawe, kama ndivyo atakavyotendewa.

Ombi hilo lingetolewa leo katika mkutano wa maombi, yamkini mtu angesimama kumkemea. Mungu hakumkemea. Hakumwambia aongeze kufunga, wala hakumhesabia sala yake kuwa dhambi. Aliwaita wazee 70, akawapa sehemu ya Roho iliyokuwa juu ya Musa ili wauchukue mzigo wa watu pamoja naye. Ugonjwa wa Musa ulikuwa na sababu, na Mungu alishughulika na sababu. Vivyo hivyo Eliya, alipoomba kufa chini ya mretemu, alipewa kwanza usingizi na chakula, mara mbili, kabla ya kupewa neno lolote (1 Wafalme 19:4–8).

Jambo hili lina uzito wa uhai. Mzazi anaposema, hata kwa mzaha, kwamba ni afadhali asingekuwapo, asiachwe peke yake usiku huo. Asindikizwe hospitalini, kama ambavyo angesindikizwa akiwa anatokwa damu. Maombi yaende pamoja naye njiani. Kuombewa na kutibiwa havijawahi kuwa maadui katika kanisa linalojenga hospitali.

Wazee 70 wanaweza kuwa akina nani leo? Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi wa mitaani kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mtu mwenye kile Washona wanachokiita “kufungisisa”, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliozungumza na bibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Akina bibi hao hawakuwa madaktari. Walikuwa na muda, heshima na mafunzo machache. Kila kanisa lina akina mama wa Dorkasi wenye mvi na mabenchi ya mbao. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuwaunganisha na mama aliyehamia mtaani mwezi uliopita.


JUMANNE
Wakubwa Wawili wa Kazi

Soma Kutoka 5:6–19, kisha Kutoka 18:1–23. Farao na Yethro walitazama uchovu wa watu kwa macho gani?

Kitabu cha Kutoka kinaweka mbele ya msomaji wakubwa wawili waliokutana na watu waliolemewa. Waisraeli walipomwomba Farao muda, yeye alisikia uvivu. Aliwaondolea majani lakini hakupunguza hesabu ya matofali. Kila Farao ana dawa hiyo: kazi ileile, vifaa pungufu, na lawama juu yake. Wanyapara wa Kiebrania walipigwa kwa kosa ambalo Farao mwenyewe ndiye aliyelitengeneza.

Yethro alikuja na Sipora na watoto wawili wa Musa, Gershomu na Eliezeri. Familia ilikuwa imetengana, sasa imekutana tena. Na asubuhi yake? Musa aliketi kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni. Biblia haisemi watoto walifanya nini siku hiyo. Inasema tu kwamba babu yao aliona, akauliza swali ambalo mfanyakazi hodari mara chache huulizwa: kwa nini unaketi peke yako?

Musa alikuwa na jibu zuri: watu wanamjia kumuuliza Mungu. Kazi yake ilikuwa takatifu. Yethro hakukubali kwamba utakatifu wa kazi unafuta mipaka ya mwili. Alisema kwamba Musa atadhoofika, na watu pamoja naye. Kisha akapendekeza mpangilio: wakuu wa maelfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Yethro hakumfundisha Musa kuvumilia zaidi. Alibadilisha ratiba.

Hapo ndipo mzigo unapotofautiana na furushi. Kumpenda mtoto, kumfundisha kuomba, kumwonya, kuamka anapolia: hilo ni furushi la mzazi, na hakuna mwajiri anayeweza kulibeba kwa niaba yake. Lakini zamu tatu za usiku mfululizo, mshahara unaocheleweshwa, hofu ya kufukuzwa kwa sababu mtoto amelazwa: hayo mzazi hakuzaliwa nayo. Yamewekwa mabegani pake na mtu mwenye jina na ofisi. Aliyeuweka mzigo hana haki ya kumwambia aliyebebeshwa, “Tukuombee.” Anachodaiwa kwanza ni kuupunguza.


JUMATANO
Mwendo wa Watoto

Soma Mwanzo 33:12–14. Yakobo alitoa sababu gani ya kutokwenda kwa mwendo wa Esau?

Wafugaji wa Manyara wanaelewa fungu hili bila mhubiri. Esau ana watu 400 na anataka safari ianze. Yakobo anamwita bwana wake, anajinyenyekeza, lakini hakubali mwendo wake. Watoto ni wachanga, wanyama wananyonyesha, na wakiharakishwa siku moja tu kundi lote litakufa. Ataenda polepole, kwa kadiri ya mwendo wa wanyama na wa watoto. Kwa Yakobo, mwendo wa msafara unapimwa kwa mguu wa mdogo kuliko wote.

Sheria ya nchi imeikubali sehemu ya hoja hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Inamruhusu kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Inampa baba siku zisizopungua 3 mtoto anapozaliwa, na inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 zenye malipo kwa ajili ya mtoto aliyeugua au kufariki. Marekebisho ya mwaka 2025 yaliwaongezea likizo wazazi wa mtoto njiti. Mwajiri Mkristo anayewanyima wafanyakazi wake haya hajafika hata pale sheria ya Kaisari ilipofika.

Lakini sheria hii humfikia aliye na ajira. Mama lishe hana wa kumwomba likizo. Dereva wa pikipiki ya mkataba na kibarua wa siku hutegemea dhamiri ya mwenye chombo na mwenye shamba.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa kwa haki. Mama akiondolewa zamu ya usiku, nani ataishika? Mara nyingi ni kijana asiye na mtoto, ambaye huambiwa kwamba yeye hana majukumu. Naye ana mama mgonjwa kijijini, au upweke wake, au mwili uleule unaohitaji usingizi. Paulo alipowaomba Wakorintho msaada, alikataa wazi kwamba wengine wapate raha kwa dhiki ya wengine. Alitaka usawa (2 Wakorintho 8:13–14). Kumtua mmoja na kumtwika jirani yake ni kuuhamisha mzigo tu. Ratiba iliyo nyoofu huandikwa kwa kuwauliza wote, na hufuta kwanza kazi zisizo za lazima.

Mzazi naye ana wajibu. Anayemtaja mtoto kila anapochelewa kwa uvivu anawaibia wazazi watakaosema kweli kesho. Uaminifu ni sehemu ya furushi lake.


ALHAMISI
Yeye Naye Apumzike

Soma Kumbukumbu la Torati 5:12–15. Amri ya Sabato inasemwa kwa nani, na nani anatajwa kwamba apumzike?

Ni rahisi kwa darasa kujadili waajiri kana kwamba wako ofisini mjini. Amri ya nne hairuhusu. Anayeambiwa ana mtumwa na mjakazi, ana ng'ombe na punda, ana mgeni ndani ya malango yake. Ni mwajiri. Na sababu inayotolewa katika Kumbukumbu la Torati ni kwamba mtumwa na mjakazi wapumzike kama yeye anavyopumzika, kwa kuwa naye alikuwa mtumwa Misri. Sabato ni kumbukumbu ya uumbaji. Pia ni amri ya kwanza ambayo waumini wengi wanapewa kuhusu hali ya watu wanaowafanyia kazi.

Katika nyumba nyingi za waumini yupo dada wa kazi. Baadhi ya madada hawa ni mama. Mtoto wake ameachwa kijijini kwa bibi, ili yeye aje kulea mtoto wa mwenzake. Anajua siku mtoto wa tajiri wake alipoota jino la kwanza. Siku ya mtoto wake aliambiwa kwa simu. Sabato asubuhi, familia inakwenda kanisani, na yeye anabaki na jiko, ili wageni wakirudi wakute chakula.

Muuguzi wa Singe anaweza kulia kwa sababu mkuu wa zamu hamjali, kisha arudi nyumbani na kuwa Farao mdogo jikoni. Hilo halifuti kilio chake. Lakini linaonyesha kwamba mzigo huteremka, na huishia kwa aliye chini kabisa, ambaye hana wa kumshushia. Amri ya Sabato inauzuia pale: yeye naye apumzike. Chakula kipikwe Ijumaa. Dada aende ibadani au alale, kama apendavyo. Apewe siku zinazojulikana za kwenda kumwona mwanawe, na nauli isikatwe kwenye mshahara.

Kanisa nalo lijitazame. Mama mwenye watoto wadogo, anayefanya kazi siku sita, anaweza kuwa pia shemasi, mwalimu wa watoto, mwanakwaya na mweka hazina wa idara. Akikataa wadhifa wa tano, anaulizwa kama amepoa kiroho. Siku ya pumziko inapokuwa ndiyo siku yake ndefu kuliko zote, kamati ya uchaguzi inapaswa kumsoma tena Yethro.


IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Waanzilishi wa kanisa hili walikuwa wazazi wafanyakazi, na maumivu yao hayakufichwa. Ellen White alimzaa Henry mwaka 1847. Mwaka uliofuata, kwa ajili ya safari za kazi ya Bwana, alimwacha kwa familia ya Howland huko Topsham, Maine, na mtoto akakaa huko miaka mitano. Henry alifariki mwaka 1863 akiwa na miaka 16. Miaka mitatu kabla ya hapo, mama huyo alikuwa amemzika mtoto mchanga, John Herbert. Anayedhani kwamba mtu wa imani hawezi kulia kwa sababu ya kazi na watoto hajasoma maisha yake.

Mwaka 1865 mumewe, James, alipata kiharusi. Alikuwa amefanya kazi kupita kiasi kwa miaka mingi, kazi njema yote. Alipelekwa kwenye kituo cha tiba Dansville, New York, ambako mapumziko yalimaanisha kutofanya lolote. Ellen aliona kwamba kukaa bure nako kunamdhoofisha. Baadaye walihamia shamba la Greenville, Michigan, ambako James alirudia nguvu kidogokidogo kwa kazi nyepesi ya mikono. Mwaka 1866 kanisa lilifungua taasisi yake ya kwanza ya afya, Battle Creek.

Mambo mawili yanaonekana hapo. Mzigo usio na kipimo ulimvunja mtu mwaminifu, na uaminifu wake haukumkinga. Tena, tiba haikuwa kumnyang'anya furushi lake. Ilikuwa kumrudishia kazi kwa kadiri ya nguvu zake, kando ya mtu aliyempenda. Mzazi aliyechoka haombi aondolewe uzazi, na kwa kawaida haombi hata aondolewe kazi. Anaomba gunia lishikwe upande wa pili, ili mkono wake mmoja ubaki huru kumshika mtoto.

Maswali ya Kujadili

1. Kila mshiriki afikirie juma lake lililopita. Ni yapi yalikuwa furushi, ambayo Mungu amempa yeye tu? Ni yapi yalikuwa mzigo uliowekwa na mtu mwingine? Je, aliyeuweka anajua?

2. Mzazi anayeogopa kufukuzwa kazi afanye nini anapobebeshwa mzigo usio wa haki? Darasa linaweza kusimama naye namna gani bila kumponza?

3. Ni kauli zipi zinazotumika kanisani ambazo, ingawa ni za kiroho, humfanya mwenye sonona afiche hali yake? Zinaweza kubadilishwa na kauli gani?

4. Wenye dada wa kazi, pikipiki za mkataba au mashamba yenye vibarua: ni jambo gani moja katika ratiba au malipo ya watu hao linaloweza kubadilishwa kabla ya Sabato ijayo?

5. Je, kuna mzazi aliyehamia mtaani hivi karibuni, asiye na ndugu karibu? Darasa likubaliane nani atamtembelea, siku gani, na atabeba nini mkononi.